Sahihi ya Soda

Soko la Mawe Tatu, pembeni mwa Huruma mjini Eldoret, lina watu wa kila namna, lakini mtu wa kuzozana na kanjo, wale askari wa kaunti, hakuna kama Kabura. Ukifika saa moja asubuhi, ukungu haujainuka bado, utamsikia kabla hujamwona. Anauza viazi vya Timboroa, kwao alikozaliwa, na askari wa kaunti akija na kimashine chake cha kutoa risiti, Kabura humsimamisha kwanza ajibu maswali.

"Hii ni ya nini?"

"Ya soko, Mama."

"Soko gani? Hebu nionyeshe choo. Nionyeshe mtaro. Mvua ikinyesha mimi ndio naketi juu ya gunia langu, tope hadi hapa. Sasa soko ni mimi ama ni nyinyi?"

Askari hucheka, wanawake wa kabeji hucheka, na mwishowe Kabura hutoa pesa, kwa sababu asipotoa, viazi vyake vitapanda gari la kaunti na huko vinakokwenda havirudi. Ni mama wa miaka hamsini na sita, mnene, mwenye sauti isiyohitaji kipaza. Usidhani ni mkaidi wa kulipa. Hajawahi kumkimbia kanjo hata siku moja, na wapo wanaokimbia, nawajua kwa majina. Alichotaka kujua ni kitu kimoja tu, ambacho nimewasikia wasomi wakikiuliza kwa maneno marefu na akili fupi: pesa yangu inakwenda wapi, na kwa nini mimi mwenye gunia moja nasimamiwa kila asubuhi, na yule mwenye ghorofa tano za kupangisha ng'ambo ya barabara hajasimamiwa na mtu tangu azijenge?

Lakini hadithi hii si ya ushuru peke yake. Ni ya mguu wa Ng'ang'a.

Ng'ang'a ni mume wa Kabura, baba wa binti yao Shiko, na ni fundi wa nguo. Cherehani yake ni ile ya kukanyaga, ya chuma, na ameiweka kwenye baraza ya duka la Habiba, muuza vitambaa. Habiba ni Msomali aliyezaliwa Isiolo, akaolewa Eldoret, na hajawahi kumtoza Ng'ang'a kodi ya baraza ile. Husema fundi akikaa mlangoni, vitambaa hujiuza vyenyewe. Basi Ng'ang'a hushona sare za shule na kutia viraka, na mguu wake wa kulia ndio injini ya kazi yote hiyo.

Ng'ang'a ana sukari. Ilimjia kimyakimya kama inavyowajia wengi, na alipojua, vidole viwili vya mguu ule ule vilikuwa vimeshaoza vikakatwa. Chini ya unyayo kilibaki kidonda kisichofunga. Kilichomweka kwenye cherehani ni kliniki ya Alhamisi. Kila Alhamisi, zahanati ndogo ya Mawe Tatu ilikuwa na siku ya watu wa sukari. Muuguzi mmoja, Sista Jepchumba, alikuwa na friji moja ya insulini, na beseni la kuoshea vidonda. Wagonjwa walilipa kidogo sana, na asiyekuwa nacho hakurudishwa.

"Baba Shiko," Sista Jepchumba alimwambia siku moja, Kabura akiwa hapo kando, "sukari ikikaa chini na hiki kidonda kioshwe kila wiki, huu mguu utazeeka na wewe. Lakini ukikosa Alhamisi, mimi siwezi kukudanganya."

Kabura aliyaweka maneno hayo moyoni. Mvua iwepo isiwepo, lori la viazi lifike lisifike, Alhamisi alimwacha jirani achunge gunia lake akampeleka mumewe zahanati akiwa ameegemea bega lake. Kwa miaka miwili hawakukosa hata mara moja.

Sasa, mwezi wa tano mwaka jana, karatasi ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya wadi. Ilikuwa ya Kiingereza, imechapwa kwa herufi ndogo, na ilisema wananchi waje Jumanne watoe maoni yao kuhusu bajeti ya mwaka ujao. Siku za kujiandaa zilikuwa tatu. Watu wangeipita tu kama wanavyozipita karatasi nyingine, lakini Ruwayda, binti ya Habiba, alikuwa nyumbani kutoka chuo kikuu. Akaitafuta bajeti yenyewe kwenye simu, akaisoma usiku na mchana, maana ilikuwa kitabu kizima. Jumapili jioni akaja barazani na uso umemkunjika.

"Mama Shiko, kuna vitu mbili," akasema. "Ya kwanza, ushuru wa soko unaongezwa karibu nusu. Hiyo iko mwanzo, kila mtu ataiona. Ya pili iko ndani kabisa, ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Pesa ya kliniki ya Alhamisi imetolewa. Yote."

"Imetolewa ikaenda wapi?"

Ruwayda akatazama simu yake tena, kana kwamba aliona aibu kwa niaba ya walioandika. "Kujenga ukuta na geti ya ofisi ya wadi."

Ng'ang'a alikuwa akishona. Alisimamisha mguu, cherehani ikanyamaza. Kabura aliniambia baadaye kwamba alijua hapo hapo hii si ya kubishana na kanjo. Hii walikuwa wamekuja kumchukulia mume wake mguu.

Jumanne soko lilifungwa nusu. Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, saa tatu asubuhi. Wananchi walifika saa tatu, maofisa wakafika saa sita wakiwa na magari mawili, wakaomba radhi kwa sababu ya foleni ya magari. Afisa mkuu wao alikuwa kijana mwenye tai, mwenye adabu zake, na alisoma kurasa zake kwa Kiingereza kwa nusu saa nzima, akisimama tu kunywa maji. Watu walipoguna, akageukia Kiswahili, akatangaza kwamba kila msemaji ana dakika mbili.

Wabuge ndiye aliyeanza. Huyu ni mhunzi wa jua kali, mtu wa Bungoma, hutengeneza majiko na toroli. "Bwana afisa, sisi hatukatai kulipa. Mimi nalipa leseni ya mwaka, na ndani ya hiyo leseni kuna pesa ya zimamoto. Karakana yangu iliungua mwaka juzi. Unajua nilizima na nini? Karai. Mimi na karai yangu. Sasa mnaniambia leseni inapanda. Ongezeni, lakini na karai nyinyi mninunulie."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Afisa naye akacheka, kisha akainua mkono.

"Wananchi, tuambiane ukweli. Kila mtu hapa anataka dawa, anataka barabara, anataka maji. Lakini tukisema tuongeze ushuru kidogo, kelele. Hiyo dawa itanunuliwa na nini? Na maombi?"

Na mimi nitampa haki yake: hakusema uongo. Hazina haijai kwa kutazamwa. Sisi nasi tuna tabia ya kudai karamu na kukimbia mchango. Lakini Habiba, ambaye si mtu wa kusema mikutanoni, alisimama akashika ncha ya mtandio wake.

"Kwa dini yetu kuna zaka," akasema. "Mwenye nyingi anatoa, asiye nayo anapewa. Mtoto mdogo anaelewa hiyo. Hapa nyinyi mmegeuza. Huyu mama wa sukuma anatoa kila siku, akikosa siku moja mnabeba mboga yake. Na yule mwenye majumba anaandikiwa barua ya heshima, tafadhali kumbuka ukipata nafasi. Kama hiyo ndiyo kodi, basi tuambieni ni maskini anatolea tajiri zaka."

Makofi yalipigwa hadi madirisha yakatetemeka. Kisha wakamwita Kabura, maana wenzake wa soko walikuwa wamemchagua awe msemaji wao.

Wote walingoja awashe moto. Badala yake alisimama mbele akiwa ameshika kanga yake kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaanza kwa sauti ya chini.

"Mimi sitaki kugombana na nyinyi," akasema. "Ushuru tutagombana hata kesho, kanjo ananijua. Nataka kuuliza, hiyo geti inazuia nani? Ni sisi tunakuja kuiba ofisi? Mume wangu anashona na mguu. Huo mguu unalindwa na sista mmoja na friji moja, siku moja kwa wiki. Na si yeye peke yake. Hapa ndani nikisema watu wa sukari wasimame, nusu watasimama, na wengine hawajui kama wanayo. Sasa nisikizeni, na hawa wenzangu wanisamehe. Pandisheni ushuru wangu. Pandisheni! Nitalipa, hata nikikula viazi bila chumvi nitalipa. Lakini mniachie Alhamisi. Mniachie sista na friji. Mkichukua pesa yangu na bado mchukue Alhamisi, hiyo si kodi, hiyo ni kitu ingine na nyinyi mnajua jina lake."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja nyuma alianza kupiga makofi polepole, nadhani ni Wabuge, halafu ukumbi wote ukasimama. Wanawake walilia. Kijana mwenye tai aliandika kitu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, tumekusikia. Maoni yamechukuliwa." Na Kabura akaamini. Mimi pia ningeamini.

Hapa sasa ndipo kosa lilipofanyika, na lilifanywa kwa furaha.

Mikutano ya kwetu ina mtindo mmoja. Iwe ni semina, iwe ni siasa, iwe ni mafunzo ya kufuga kuku, mwishoni huja karatasi. Ukitia sahihi unapewa soda, nusu mkate na ile pesa kidogo ya nauli, hata kama umetoka nyumba ya pili. Watu wamezoea hivyo kiasi kwamba hawajiulizi wanatia sahihi nini, kama vile hawajiulizi kwa nini wananawa kabla ya ugali. Msichana mmoja wa ofisini alikuja na karatasi zake kwenye ubao wa kubana, kurasa za juu zimekunjwa nyuma, mistari mitupu ndiyo inayoonekana. "Hapa, Mama. Jina, nambari ya kitambulisho, sahihi," akamwambia Kabura, na Kabura akaandika wa kwanza kabisa.

Kisha, kwa vile moyo wake ulikuwa juu, akauchukua ule ubao mwenyewe. Akapita nao safu kwa safu kama anayekusanya sadaka.

"Sainini! Sainini wote, wajue tulikuwa wengi! Wakiona majina mia tatu hawatathubutu!"

Na watu walisaini. Walisaini kwa ajili yake. Bibi asiyejua kuandika aliwekewa kidole cha wino, na Kabura ndiye aliyemshika mkono. Alipofika kwa Habiba, Habiba hakuipokea kalamu.

"Mama Shiko, huko juu imeandikwa nini?"

"Ni ya kuonyesha tulikuja tu."

"Umesoma?"

"Ai, Habiba! Wewe hata risiti ya maziwa unasoma mara mbili. Saini ukunywe soda."

"Mimi karatasi sijasoma, sisaini. Sina kiu."

Waliokuwa karibu walicheka, na Kabura akacheka nao. Habiba alirudi dukani mikono mitupu. Wengine walikaa nje kwenye nyasi wakinywa soda baridi, siku ya kutetea kliniki ya sukari, na hakuna aliyeona kioja chochote. Ng'ang'a alipelekewa mkate wake. Alipoulizwa mkutano ulikwendaje, mkewe alimwambia, "Mguu wako uko salama." Alisema hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa saba walikuta kufuli kwenye mlango wa zahanati.

Wagonjwa kama ishirini walikuwa wameketi kwenye majani, na mvua ya rasharasha imeanza. Sista Jepchumba alitokea upande wa nyuma, hajavaa sare, amebeba katoni ya vitu vyake. Amehamishwa hospitali ya Ziwa, akasema, aripoti Jumatatu. Friji ilichukuliwa juzi. Alimvuta Kabura kando akampa chupa mbili za insulini alizozificha kwenye mkoba wake, akamwonyesha jinsi ya kuosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa.

"Sista, lakini tulisema. Tuliongea vizuri," Kabura akasema.

"Najua, Mama. Niliambiwa uliongea." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Nendeni kaunti mwaulize. Mimi sina nguvu."

Wiki hiyo hiyo kanjo alikuja na kimashine kikisoma ushuru mpya.

Kabura alikwenda kaunti. Alivaa nguo yake ya kanisani, akamwacha Ng'ang'a barazani, akapanga foleni kwenye korido tangu asubuhi. Alipoingia, alimkuta kijana yule yule mwenye tai, na kijana alimkumbuka, akampa kiti. Hakumkaripia hata kidogo. Laiti angemkaripia. Alitoa faili, akafungua ripoti ya Mawe Tatu, akamsomea mwenyewe kwa Kiswahili, kidole kikifuata mistari.

Wananchi walitoa maoni mbalimbali. Mwakilishi wa wafanyabiashara wa soko aliunga mkono nyongeza ya ushuru. Baada ya majadiliano, waliohudhuria waliipitisha bajeti kama ilivyopendekezwa, na majina yao yameambatishwa.

"Mimi niliunga mkono nini?" Kabura akauliza.

"Ulisema tupandishe, Mama. Nilikuwa hapo."

"Nilisema mpandishe na mniachie kliniki!"

Kijana akakuna shingo yake. "Hiyo ya pili iliingia kwa maoni mbalimbali."

Akafunua ukurasa uliofuata. Juu yake, kwa herufi nzito, palikuwa na sentensi moja ya Kiingereza, naye akamtafsiria: Sisi tuliotia sahihi hapa chini tumeshauriwa na tumeridhia. Chini yake majina mia tatu na kumi na mbili. La kwanza, mwandiko wa kulala, wa mtu aliyeishia darasa la saba huko Timboroa: Kabura.

"Mama, si hii ni sahihi yako?"

Ilikuwa yake. Zilikuwa zake zote, ukitaka ukweli, maana alizikusanya mwenyewe. Alitaka kusema kwamba kurasa za juu zilikunjwa, kwamba walidhani ni ya kuhudhuria, kwamba ni ya soda. Alifungua kinywa na neno lililotoka likawa hilo tu, "Ilikuwa ya soda," na hata yeye alisikia jinsi lilivyokuwa neno la mjinga. Alirudi Huruma kwa miguu, hatua moja baada ya nyingine, akilia wazi barabarani bila kujifuta.

Zile chupa mbili Habiba alizihifadhi kwenye friji ya dukani kwake. Zilipokwisha, ikabidi wanunue kwenye duka la dawa, kwa bei ya duka la dawa. Kabura aliuza viazi hadi giza. Aliongeza sukuma, akaongeza vitunguu, akaacha kula mchana. Hakumlaumu Mungu, hakumlaumu hata yule kijana. Alijilaumu yeye, asubuhi hadi jioni, na huko ndiko kujilaumu kubaya zaidi kwa sababu hakuna wa kukutetea. Siku moja aliihesabu ile dawa akaona imebaki nyingi kuliko ilivyopasa. Akamgeukia mumewe.

"Baba Shiko, unajidunga ngapi?"

Ng'ang'a alikuwa akitia uzi kwenye sindano ya cherehani. Alichukua muda mrefu kulipata tundu. "Nusu," akasema. "Nikijidunga nusu inafika mwisho wa mwezi."

Kabura alikaa chini sakafuni pale pale barazani, mbele ya wateja, akaweka kichwa kwenye goti la mumewe. Mguu ulikuwa wa moto, na ulikuwa unanuka.

Ruwayda ndiye aliyesema kuna njia. Sheria inaruhusu wananchi kupeleka ombi kwenye bunge la kaunti, bajeti irekebishwe katikati ya mwaka. Wanahitaji maelezo na sahihi nyingi. Aliandika ombi lenyewe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, herufi kubwa, kila mtu aone. Kabura alilishika akaenda nalo sokoni asubuhi, akaanzia kwa wanawake wa kabeji, wale wale waliomchagua.

Hawakulipokea.

"Mama Shiko," mmoja akamwambia, Nasike, rafiki yake wa miaka kumi, "ile ya kwanza tulisaini kwa sababu yako, ikatukula ushuru. Hii itatukula nini?"

"Soma, Nasike. Iko wazi. Hakuna kitu imefichwa."

"Hata ile ulisema ni ya kuonyesha tulikuja tu. Na wewe mwenyewe ndio uliwaambia wapandishe, tulikusikia na masikio yetu."

Mwingine, mwenye ulimi, akauliza soda iko wapi leo. Wakacheka, si kicheko cha zamani. Kabura alizunguka meza zote za soko lile, siku tatu, akiomba na kueleza, akiapa kwa jina la binti yake. Watu walimwonea huruma, walimpa hata vitunguu vya bure, lakini kalamu hawakuishika. Na utawalaumu? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Alipata majina kumi na moja. Wabuge alitia lake bila kuuliza. Habiba alisoma ukurasa wote kwanza, kutoka juu hadi chini, akasaini, akampa kalamu bintiye. Wengine walikuwa wagonjwa wa Alhamisi wenyewe.

Karani wa bunge la kaunti alilipiga ombi muhuri. Kwa majina kumi na moja, akasema kwa upole, halitakuwa na uzito, lakini litawekwa pamoja na maoni ya bajeti ijayo. Mwezi wa sita mwakani.

Kidonda hakikuwa na habari za mwezi wa sita. Kufikia mwezi wa kumi kilikuwa kimepanda juu ya kifundo, ngozi imekuwa nyeusi, na asubuhi moja Ng'ang'a hakuamka alipoitwa. Wabuge alimbeba kwenye toroli lake jipya hadi barabarani, Habiba akalipa gari. Hospitalini walimshusha sukari, wakamrudisha duniani, na siku ya tatu daktari mmoja, msichana wa rika la Shiko, akaja na ubao wa kubana na kalamu.

"Mama, tumechelewa kuuokoa. Tusipofanya leo, sumu itafika kwenye moyo. Mzee bado hana nguvu ya kuandika, kwa hivyo nahitaji sahihi yako hapa."

Kabura aliitazama ile karatasi. Hakunyoosha mkono.

"Nisomee," akasema.

"Ni fomu ya kawaida tu, Mama. Ya kukubali upasuaji."

"Nisomee yote. Kutoka juu."

Daktari alitazama saa yake, kisha akamtazama usoni, akaketi ukingoni mwa kitanda. Akasoma polepole, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili neno kwa neno: mimi, mke wa mgonjwa, nimeelezwa, nimeelewa, nimekubali mguu wa kulia ukatwe chini ya goti. Alipomaliza, Kabura akaomba aonyeshwe upande wa pili. Daktari akaigeuza. Hapakuwa na kitu. Kabura akaomba aigeuze tena.

Ng'ang'a alikuwa ameelekea dirishani muda wote. Alisema bila kugeuka, "Weka tu, Mama Shiko. Hawa angalau wamesema wanachukua nini."

Kabura akaandika jina lake lote, herufi moja moja, akamrudishia daktari kalamu. Kisha akavuta blanketi lililokuwa mwisho wa kitanda, akamfunika mumewe miguu yote miwili.